Muhogo Juu ya Meza ya Ndege

Nilimwahidi mama mmoja wa Koboko, mji wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwamba nitampa mahali pengine pa kuanikia muhogo. Nilipotoa ahadi hiyo nilikuwa nimesimama juu ya jiwe lake, kamba ya kupimia mkononi, viatu vyangu vimejaa vumbi jeupe la muhogo aliokuwa ameuanika.

Wao waliliita jiwe, lakini kwa kweli ulikuwa mwamba mpana uliojitokeza ardhini nje kidogo ya mji, umelala kama sakafu. Wanawake wa jirani walikuwa wamegawana sehemu zake kwa vistari vya kokoto, na kila mmoja alikuwa ameirithi sehemu yake kwa mama mkwe. Sehemu ya mama yule ilikuwa ya katikati, inayopata jua mapema na kuachwa nalo mwisho. Alikuwa mjane wa askari, mrefu, mwenye ushungi uliofifia rangi, na alinitazama kama mtu aliyekwisha kuona wapimaji wengi wakija na kuondoka.

"Nyinyi iko na kazi gani na jiwe yangu?" aliniuliza.

Nikamweleza kwamba mradi wa afya ulioniajiri utajenga hapo kiwanja kidogo cha helikopta, ili wagonjwa wa hali mbaya wachukuliwe haraka kupelekwa Kuluva, kwenye hospitali iliyo kusini ya Arua. Mwamba umechaguliwa kwa sababu ni imara na hauzungukwi na miti.

"Iko mzuri," akasema. "Na muhogo yetu itakauka wapi? Ndani ya ndege?"

Wanawake wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. "Mtajengewa sakafu ya zege, mama. Pana kama jiwe hili. Kabla ya kiangazi kijacho."

"Nani atajenga? Mradi ao wewe?"

Nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, na swali lile nililiona kuwa kipimo cha utu wangu. "Mimi," nikajibu.

Aliinama, akaokota kokoto moja ya mpaka wake, akaitia mfukoni.

Yafaa nieleze nilikotoka na wazo la kiwanja kile. Kwetu ni Dadamu, nje kidogo ya Arua, lakini masomo ya usalama wa moto niliyapata Tanzania, katika chuo kimoja cha Arusha, na Kiswahili ninachokiandika nilikijenga huko. Mwalimu wetu alituonyesha picha za majukwaa ya chuma yaliyosimikwa baharini, mbali sana na nchi kavu, ambayo hayakaliwi na mtu. Mitambo hufanya kazi yenyewe kutwa kucha, na mara chache tu helikopta huwaleta mafundi. Hatari yake ni hii: helikopta inapotua pale, hakuna aliyesimama pembeni na mpira wa maji. Mafuta yakimwagika na kuwaka, watu pekee wanaoweza kuuzima moto ni wale walio ndani ya moto wenyewe.

Kwa hiyo jukwaa hufundishwa kujilinda. Sakafu yake hutengenezwa kwa mabamba ya alumini yenye matundu. Mafuta yakimwagika hayatuami juu. Hupenya chini, kwenye nafasi isiyo na hewa ya kutosha, na mwali hukosa cha kula. Pembeni huwekwa kihisi kinachoona mwali na vinyunyizio vinavyofunguka vyenyewe na kumwaga povu. Wenzangu walinong'onezana kwamba hayo hayatuhusu. Mimi sikuwa nimewahi kuiona bahari, na maji makubwa kuliko yote niliyoyajua utotoni yalikuwa bwawa la kunyweshea ng'ombe. Hata hivyo picha zile zilinigusa. Niliona kwamba mtu aliyezichora sakafu hizo alikuwa amewafikiria watu asiowajua, watakaopatwa na hatari mahali ambapo hakuna atakayewasikia wakipiga kelele, akaamua kwamba nao walindwe.

Mradi wa afya ulioniajiri ulipotaka kiwanja Koboko, ulikuwa na fedha za ujenzi lakini hauna za mlinzi wala za zimamoto. Gari la zimamoto likitoka Arua lingekuta majivu yamepoa. Nikasimama mbele ya wakubwa zangu na kueleza kuhusu majukwaa ya baharini. Walinisikiliza kwa mshangao, kisha wakakubali. Ndivyo kitu cha baharini kilivyopandishwa juu ya mwamba wa Koboko: mabamba yenye matundu juu ya miguu ya chuma, mfereji chini yake unaopeleka mafuta kwenye shimo lililofunikwa, tangi la maji na povu, na pampu inayokula umeme wa jua. Hakukuwa na kibanda, wala lango, wala mtu.

Watu wa pale walikitazama kiwanja kikiwa kimeinuka na kunyooka, wakakipa jina siku ile ile. Meza ya ndege.

Maisha yangu yenyewe yalikuwa Arua. Nilipanga chumba karibu na Onduparaka, ambako Jumamosi mtaa mzima huhamia mpirani. Nilizoea kujua matokeo kupitia ukutani: kelele fupi ni shuti lililopaa, kelele ndefu ni bao. Jirani yangu, shabiki mwenye sauti ya tarumbeta, alikuwa na desturi ya kunigongea mlango kabla ya mchezo.

"Injinia! Twende! Ao unangoja moto?"

"Nangoja moto," nilimjibu.

"Moto iko uwanjani!" naye akaenda zake akicheka.

Hakujua kwamba nilikuwa nimesema kweli tupu. Kazi yangu yote ilikuwa kungojea jambo ambalo niliomba lisitokee kamwe. Fundi wa viatu huona mteja akiondoka amevaa kiatu, na mwalimu huona mtoto akisoma. Mimi, nikifanikiwa, hakuna kitakachoonekana. Nilikwenda Koboko kukagua, nikaufuta vumbi uso wa kihisi, nikafungua vinyunyizio kwa majaribio, na povu jeupe likapanda na kufurika juu ya meza kama povu la sufuria ya maharage, kisha likazama kimya kwenye matundu. Nililitazama peke yangu. Baadaye nilikaa chini ya meza, kwenye kivuli, nikasikiliza chuma kikilia kwa joto, nikala mkate niliotoka nao Arua.

Hata lugha ilinitenga. Mimi ni Mlugbara, wao wengi ni Wakakwa, na Kiswahili chao walikirithi kambini na sokoni. Changu kilikuwa cha darasani. "Wewe naongea kama redio," mama yule aliniambia mara moja. "Mutu anangoja tu useme habari ya saa mbili."

Helikopta ilikuja mara kadhaa msimu wa mvua. Mmoja wa waliopandishwa, mvua zilipoanza tu, alikuwa mkwe wa mama huyo, mke wa mwanawe, aliyekuwa ameshikwa na uchungu wa kujifungua na mtoto amekaa vibaya. Sikuwapo. Niliambiwa kwamba mama alimsindikiza hadi kwenye ngazi ya meza akiwa amekishika kichwa cha mkwewe kwa mikono miwili, na kwamba wote wawili, mzazi na mtoto, walirudi wakiwa hai.

Kisha kiangazi kikafika, na ahadi yangu ilikuwa bado maneno. Ofisini nilikuwa nimeomba sakafu ya zege mara nyingi, nikajibiwa kwa upole kwamba mradi wetu ni wa afya na si wa kilimo. Siku moja nilipanda ngazi ya meza, nikakuta imekuwa nyeupe. Muhogo ulikuwa umetandazwa kutoka ukingo hadi ukingo, na juu ya mabamba ya alumini kulikuwa na vistari vya kokoto, vimegawanya sehemu kama ilivyokuwa juu ya jiwe. Ya katikati niliijua ni ya nani.

Lazima nikiri kwamba palikuwa mahali pazuri mno pa kuanikia. Alumini hushika jua kuliko jiwe, na upepo unaopita chini ya matundu hukausha muhogo kutoka pande zote mbili. Lakini wanawake wa huku huuvundika muhogo kabla ya kuuanika, na baada ya kuvundikwa humeguka ukawa chenga laini zenye unyevu. Chenga hizo zilikuwa zimeingia kwenye matundu, zikalowa umande, zikapigwa jua, zikageuka gundi. Nililala kifudifudi nikachungulia. Katika bamba zima sikuona mwanga wa upande wa pili.

Nilitengeneza bango. Niliandika kwa herufi kubwa nyekundu, kwa Kiswahili nilichokiamini: TAHADHARI: MOTO! Nikalisimika kwenye ngazi, nikarudi Arua nikiwa na utulivu wa mtu aliyetimiza wajibu.

Ziara iliyofuata nilikuta muhogo umeongezeka. Walikuwa wamekuja hata wanawake wa upande wa pili wa barabara. Nikamwuliza mama kama hakuliona bango.

"Nimeona. Mkwe yangu alisoma shule, alinisomea."

Mkwewe, aliyekuwa akigeuza muhogo kwa reki huku mtoto amelala mgongoni, akainua kichwa. "Ile neno ndefu sijui, lakini imeandikwa hapa iko moto," alisema.

"Na ni kweli," akadakia mama. "Iko moto sana! Hii muhogo ya jana, shika. Imekauka kama mfupa. Ile wanawake ya ng'ambo, hata wao walikuja kwa sababu ya karatasi yako."

Ndipo nilipofahamu. Katika Kiswahili cha Koboko, chai iko moto, jua liko moto, na bati likipigwa na jua liko moto. Nilikuwa nimesimika tangazo la biashara. Wanawake walipoona uso wangu walianza kucheka, na kicheko chao kikazidi nilipojaribu kueleza tofauti.

"Sisemi joto, mama. Nasema moto wenyewe. Unaounguza."

"Moto ya kuunguza iko jikoni kwangu. Hii ni meza."

Nikaacha maneno. Nilishuka, nikachota ndoo ya maji kwenye tangi, nikapanda tena. Nilimwomba mkwewe aondoe muhogo kwenye kona moja ambayo ilikuwa haijaziba bado. Nikamwaga maji hapo. Yakatoweka kama yaliyomezwa. Kisha nikamwaga katikati, kwenye sehemu ya mama. Maji yakasimama. Yakatandaa polepole, yakaizunguka miguu ya mkwewe, yakang'aa.

"Fikirieni haya ni mafuta ya ndege," nikasema, "na ndege iko hapa, na mgonjwa yuko ndani."

Mkwewe aliutoa mguu wake kwenye maji, mmoja kisha mwingine, akarudi nyuma hadi kwenye ngazi.

"Mimi si mjinga," mama alisema. "Huyu mtoto iko mgongoni kwa sababu ya hii meza. Leo nitaondoa muhogo. Lakini kesho nitaweka wapi? Chini? Mchanga ikiingia, nani atakula? Nani atanunua?" Akaingiza mkono mfukoni, akanionyesha ile kokoto. Alikuwa ameitunza. "Wewe ulisema: mimi. Mimi nangoja huyo mimi."

Nilirudi Arua na mzigo wa mambo mawili ya kweli ambayo hayakupatana. Kama ningenyamaza kuhusu matundu yaliyoziba, helikopta ingeendelea kutua juu ya sakafu isiyoweza tena kujilinda, na hapo hakuna mtu mwingine wa kuilinda. Kama ningesema, kiwanja kingefungwa. Nilisema. Mkuu wangu wa kazi, mtu mwema anayechoka mapema, akaagiza kiwanja kisitumiwe mpaka muhogo uondoke, na wagonjwa warudi kusafirishwa kwa barabara.

"Nitaomba askari mmoja akae pale awafukuze," alisema.

Nilimwomba aniachie kwanza nizungumze nao. Nilipompelekea mama habari ya askari, aliketi kwenye kigoda chake akajipiga kiganja gotini.

"Lete! Mimi nimelala na askari tangu nikiwa msichana mpaka Mungu alimchukua. Huyo wako atapiga kelele asubuhi, mchana atasikia njaa, jioni atanisaidia kugeuza muhogo."

Nilicheka kwa mara ya kwanza mbele yake. Lakini sikumtaka askari hata kama angefaulu. Kumfukuza mwanamke kwenye meza iliyojengwa juu ya jiwe lake, baada ya kumwahidi, kungekuwa kumnyang'anya mara ya pili.

Nikaanza kujenga mwenyewe. Karibu na mwamba, mama alinionyesha kipande cha ardhi ya familia yake kilicho tambarare. Kila Jumamosi, mtaa wangu ulipokuwa ukielekea mpirani, mimi nilipanda basi la Koboko. Nilisafisha majani, nikachimba, nikasomba mawe kwa toroli la kuazima, nikayapanga kuwa msingi. Nikichoka na mawe, nilipanda mezani, ambako wanawake walikuwa wamesogeza muhogo wao upande mmoja, nikazibua matundu kwa waya wa gurudumu la baiskeli, bamba baada ya bamba. Wanawake walipita njiani na vikapu vyao, wakanisalimu, wakaendelea. Mama aliketi mbele ya jiko lake akinitazama.

Siku moja jiwe lilinishinda, nikamwomba amwite mwanawe tusaidiane.

"Hapana," akasema, bila ukali. "Sisi hatutabeba hata jiwe moja. Leo nikibeba, kesho watu itasema mama alijijengea mwenyewe. Na jiwe yangu ile ya kwanza itakuwa imepotea bure, hakuna mutu alilipa."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa, kwa sababu alikuwa na haki. Aliyechukua ndiye anayerudisha. Na mimi, kwa macho yake, ndiye niliyechukua; wakubwa wa mradi hakuwahi kuwaona. Mchana ule aliniletea sahani ya ugali wa muhogo na mboga ya kunde. Nilikula nikiwa nimeketi juu ya msingi wangu. Ugali ule ulikuwa wa muhogo uliokaukia mezani. Hakukuwa na mchanga hata chembe.

"Iko mzuri?" aliuliza.

"Ni mzuri sana, mama."

"Redio imesema," akamwambia mkwewe, na wote wawili wakatabasamu. Mkwewe alisimama taratibu, akajishika kiuno. Nilikuwa sijatambua mpaka hapo. Alikuwa mjamzito tena.

Mama aliniona nikitazama. Akashusha sauti. "Itakuwa kabla ya mvua. Ile ya kwanza ilikaa vibaya. Daktari alisema hata ya pili inaweza." Akaitazama meza, tupu upande mmoja na nyeupe upande mwingine. "Ndege haikuji tena?"

"Haitakuja mpaka meza iwe safi na ibaki safi."

"Na itabaki safi ukimaliza hii."

"Ndiyo, mama."

"Basi maliza," alisema, na kwa mara ya kwanza niliisikia sauti yake ikiomba.

Msingi sasa umekamilika. Mchanga na kokoto vimerundikwa pembeni, na saruji niliyoinunua kidogo kidogo imehifadhiwa ndani ya nyumba ya mama, kwenye mbao, isishike unyevu. Hilo alikubali kwa kuwa, alisema, kuhifadhi si kujenga. Mkuu wangu ameahidi kwamba sakafu ikisimama na muhogo ukihamia huko, atakuja mwenyewe kukikagua kiwanja na kukifungua. Matundu yote nimekwisha kuyazibua, isipokuwa ya upande ambao bado unatumika.

Lakini nimefika mahali ambapo mtu mmoja hawezi kupita. Sakafu ya kuanikia haimwagwi vipande vipande. Zege la leo likikutana na zege la Jumamosi ijayo huacha ufa, chenga huingia kwenye ufa, unyevu hukaa humo, na muhogo huota ukungu. Lazima imwagwe yote kwa siku moja: wa kuchanganya, wa kuchota maji, wa kusukuma toroli, wa kusawazisha. Niliwaomba wenzangu wa kazi. "Sisi kazi yetu ni moto, si muhogo," walinijibu, na sikuweza kuwaonyesha kwamba ni kitu kimoja. Nilimwomba jirani yangu wa Onduparaka.

"Jumamosi? Injinia, Jumamosi ni mpira."

"Basi Jumapili."

"Jumapili ni kanisa. Jumatatu nitakuwa bado nalia kwa sababu ya Jumamosi."

Wanaume wa pale Koboko nao, nikiwauliza, humgeukia kwanza mama, naye hutikisa kichwa polepole. Wao hawatabeba. Si wajibu wao.

Chuoni niliyapenda majukwaa yale kwa sababu hayakuhitaji mtu. Siku hizi ninapokaa chini ya meza na kula mkate wangu, nasikia kokoto za mipaka zikigongagonga juu ya alumini wanawake wanapogeuza muhogo wao, na mkwewe akiwaambia jambo linalowachekesha. Simsikii vizuri. Ninasikia tu kwamba anapumua kwa shida zaidi kuliko mwezi uliopita.

Mawingu bado hayajakusanyika. Kama uko Arua au Koboko, na una mikono miwili, na wewe pia hukulichukua jiwe la mama huyu lakini uko tayari kusaidia kulirudisha: Jumamosi nipo pale, karibu na meza ya ndege, tangu asubuhi. Tafadhali njoo na koleo.